Sakafu Tatu Katika Neno Moja: Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi wa Bafu

Imetufikia mezani tafsiri ya maelekezo ya ufundi yaliyoandikwa Marekani, yahusuyo kutengeneza upya sakafu ya bafu iliyooza kabla ya kubandika vigae. Mtafsiri ni hodari wa Kiswahili. Sentensi zake zimenyooka na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, fundi atakayefuata maelekezo hayo neno kwa neno atabandika vigae visivyodumu. Kosa limo katika istilahi, na kwa kuwa ni kosa ambalo wengi wetu hulifanya, tumeona yafaa tulijadili hapa.

Kwanza tukitazame chenyewe kinachosemwa. Nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa mbao. Chini ya bafu la nyumba hizo, mara nyingi hakuna jamvi la zege lililolala juu ya ardhi, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi. Ziko boriti, ambazo kwa kawaida hupangwa kwa nafasi ya inchi 16, yaani milimita 406 hivi, toka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine. Juu ya boriti hupigiliwa plaiwudi, aghalabu yenye unene wa milimita 19. Juu ya plaiwudi huwekwa ubao mwembamba wa saruji, na juu ya ubao huo hubandikwa vigae. Maji yakivuja kwa muda mrefu penye kiungo cha choo na bomba la maji machafu, plaiwudi huoza, na pengine boriti nazo huoza. Hapo fundi hana budi kukata sehemu mbovu na kuweka nyingine.

Katika tafsiri tunayoihakiki, plaiwudi hiyo imeitwa mara "sakafu ndogo", mara "sakafu ya chini", na mara "sakafu" tu. Jina la kwanza limetokana na kukiandama kiambishi cha Kiingereza. Kwa kuwa kiambishi hicho kilitupatia "kamati ndogo", mtafsiri amedhani kitatupatia "sakafu ndogo" pia. Lakini plaiwudi hiyo si ndogo. Ni pana kama chumba chenyewe. Jina la pili lina hatari zaidi, maana msomaji wetu ataelewa kuwa ni sakafu ya ghorofa ya chini. Na pale lilipotumika neno "sakafu" peke yake, tunaagizwa kung'oa sakafu, kuweka sakafu, kisha kutandaza sakafu juu ya sakafu. Fundi gani atajua ni ipi iliyooza?

Tukumbuke kuwa neno "sakafu" lenyewe lina historia ya kutufunza. Katika Kiarabu, asili yake ni neno lenye maana ya paa au dari. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, boriti za mikoko zililazwa toka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa na kushindiliwa chokaa pamoja na kokoto. Dari ya aliye chini ilikuwa ndiyo sakafu ya aliye juu. Waashi wa pwani, basi, waliyajua matabaka matatu: kibebacho, kilalacho juu yake, na uso unaokanyagwa. Wazo si geni kwetu. Kilichopungua ni jina la tabaka la kati.

Wako watakaopendekeza "jamvi", kwa kuwa waashi wetu wamekwisha lizoea. Sisi hatukubali, kwa sababu jamvi la zege hubebwa na ardhi, ilhali plaiwudi hubebwa na boriti na kati ya boriti haina kitu chini yake. Tunapendekeza "tandiko la sakafu". Tandiko la punda si punda wala si mzigo. Ni kile kilicho baina yao, nalo likikaa vibaya mzigo huanguka. Tunakiri kwamba neno "tandiko" likiachwa peke yake laweza kufikiriwa kuwa la kitandani. Kwa hiyo litumike pamoja na "la sakafu" daima.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Kipande kipya cha plaiwudi kikiwekwa, kingo zake zote lazima zipate cha kuegemea. Kwa ajili hiyo fundi huongeza boriti nyingine ubavuni mwa ile ya zamani, na hukaza vipande vya mbao vinavyokingama baina ya boriti na boriti. Mtafsiri ameiita boriti ya nyongeza "boriti dada", na vipande hivyo ameviita "vizuizi". Msomaji atauliza: vinazuia nini? Huenda hata akaviondoa. Boriti ile na iitwe "boriti pacha". Na vile vipande, kwa nini visiitwe "mataruma"? Neno hili mabaharia walijua kwa mbao zinazoimarisha chombo, na kila aliyepanda gari moshi ameyaona mataruma ya reli.

Tatu, asili inaagiza kwamba sakafu isizidi kiwango fulani cha kupinda ichukuapo uzito. Kwa vigae vya udongo wa kuchoma, kiwango cha kawaida ni sehemu 1 ya 360 ya urefu ulio baina ya viegemeo. Kwa mawe ya asili hupendekezwa sehemu 1 ya 720. Boriti ya mita 3.6, basi, isishuke zaidi ya milimita 10 kwa vigae, au milimita 5 kwa mawe. Tafsiri inasema "sakafu isisogee". Kusogea ni kuhama mahali. Lakini ufito ukielemewa hunepa. Tunalo tayari neno "kunepa", nalo hutupatia "mnepo". Kigae hakijui kunepa. Tandiko likinepa, chenyewe hupasuka, maji hupenya, na uozo hurudi pale pale.

Huenda tukaambiwa kwamba mafundi watakopa tu maneno ya kigeni. Na wakope, hatuna ugomvi na "plaiwudi" wala "skrubu", kwa maana hayo ni majina ya vitu vilivyokuja na majina yao. Lakini uhusiano wa kitu na kitu, nani anambeba nani, haukopeki kwa jina tupu. Mtafsiri wa maandishi ya ufundi aulize kwanza uzito unapita wapi, ndipo afungue kamusi. Na akiweza, kabla ya kamusi amwulize seremala.

Tunayatoa mapendekezo haya manne, yaani tandiko la sakafu, boriti pacha, taruma na mnepo, ili walimu wa ufundi na watafsiri wayajaribu kazini. Mwenye neno bora zaidi atuandikie.