Mpiga Picha wa Kiwanja cha Kwakoa

Mwenye kutaka kuijua kazi ya kupiga picha za kandanda ya vijijini na asihangaike na viwanja vya mjini vyenye taa. Na aende Kwakoa, wilayani Mwanga, Jumapili alasiri, huko ambako nyanda kavu zaelekea Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya, na ambako jua, kwa kuwa milima ya Upare iko upande wa machweo, hufichwa na vilele kabla ya magharibi yenyewe kuwadia, kivuli kikaingia uwanjani mpira ungali unachezwa.

Mzee mmoja mpiga picha aliijua saa hiyo kama mwadhini aijuavyo yake. Mkanda wake ulikuwa na picha 36 tu, na nyingi katika hizo zilikwisha kuahidiwa wenye harusi na wenye kipaimara, hata mchezo mzima ukaambulia chache. Ndiyo maana hakuukimbilia mpira. Alichutama kando ya mlingoti wa goli, kamera kifuani, akiwatazama walinzi miguu, kwani alikwisha kujua ni kijana yupi hukata ndani na ni yupi huruka kabla ya krosi kufika, na kidole chake kilitangulia tukio. Kipimo cha nuru hakukichukua angani bali usoni mwa mchezaji, maana anga likitawala, uso mweusi hugeuka doa. Naye aliona heri mawingu yapotee kuliko mtoto wa mtu kukosa macho katika picha yake. Mkanda ukishasafishwa mjini, nyuma ya kila picha aliandika kwa wino jina la mchezaji, timu zilizokutana, na tarehe.

Michezo hulifunza jicho subira. Marehemu Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza angali mwanafunzi Dar es Salaam, kwa mashindano ya magari.

Leo simu zimejaa kando ya mstari, na kila azishikaye huuandama mpira ulipo, akabonyeza bila kungoja, akapata migongo na vumbi. Nasikitika, na sioni haya kusema hivyo: picha hazichapwi, hazina majina, na simu ikiibwa, msimu mzima umekwenda nayo. Katika picha za mzee zilizotundikwa ukutani majumbani wamo akina baba na timu zao. Wana wao hawamo, na ubishi wa nani alifunga bao la ushindi humalizwa na mwenye sauti kubwa, kwa kuwa karatasi ya kuukata haipo.