Mkuki, Ngao na Dakika Moja ya Ukimya

Tarehe 25 Julai nilikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye mgahawa ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, pale mabasi yanapovuta pumzi kabla ya kuanza kuipanda Kitonga. Nje vijana walikuwa wakiyakimbilia madirisha ya mabasi, ndoo za vitunguu zikiwa mikononi. Ndani, runinga ilionyesha Siku ya Mashujaa moja kwa moja kutoka Dodoma. Rais akasogea kwenye mnara, akaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi akafuata na sime. Kijana mmoja aliyeingia kunywa chai, ndoo yake bado mkononi, akamgeukia mzee wa meza ya pili.

"Shikamoo babu. Hivi wanajeshi wetu hawana bunduki, mpaka wawekewe mkuki?"

"Marahaba," mzee akasema, akaendelea kutazama.

Swali hilo sijaweza kuachana nalo, maana ni swali la mhakiki. Kijana hakuuliza mashujaa ni nani. Aliuliza kwa nini umbo limekuwa hili, na katika miaka yote tunayowapeleka wanafunzi uwanjani wakae juani na bendera ndogo, sijasikia tukiwafundisha kuliuliza.

Basi tuisome hafla kama tunavyosoma utenzi. Vinavyowekwa mnarani ni vitu vya mkono: mkuki, ngao, sime, upinde na mishale, na shoka linalowekwa na mwakilishi wa wapiganaji wastaafu. Katikati hupita shada la maua la kiongozi wa mabalozi, ubeti wa kigeni ndani ya utenzi wa nyumbani. Risasi haimo. Ilhali miongoni mwa wanaokumbukwa wapo waliouawa kwa risasi na mabomu katika Vita ya Kagera, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangazia taifa tarehe 2 Novemba 1978, na ambayo Aprili 1979 ilifika Kampala. Wanajeshi wale, pamoja na makumi ya maelfu ya mgambo walioitwa kuungana nao, walikwenda na bunduki. Maroketi yao Waganda waliyapa jina la Saba Saba. Mkuki wa mnarani, basi, haumsimulii aliyeanguka Kagera jinsi alivyokuwa. Unamvisha vazi la babu yake.

Na babu huyo makazi yake ni jirani na Ruaha Mbuyuni. Maliza Kitonga, pita Ilula, na kabla hujaingia Iringa mjini utafika Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, kikosi chenye bunduki na mizinga, wakakisambaratisha kwa mikuki. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma Zelewski alikuwa kijana wa miaka 16, umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu. Jeshi letu halijasahau: kambi yake moja ya Dar es Salaam inaitwa Lugalo, na hospitali yake kadhalika. Abiria hulitaja jina hilo kila siku wakimwomba kondakta awashushe, na sidhani wengi wanajua kwamba wanataja uwanja wa vita wa Uhehe.

Lugalo penyewe, mnara uliopo ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Walioshindwa ndio waliosimamisha jiwe. Walioshinda walibaki na masimulizi. Kwangu mimi, mkuki wa 25 Julai ni jibu lililochelewa kwa jiwe lile. Silaha iliyonyimwa mnara nyumbani kwake sasa inainuliwa na mkuu wa nchi mbele ya taifa zima. Kijana wa Ruaha Mbuyuni angeambiwa hivyo, asingeona kichekesho. Angemwona mtoto wa miaka 16.

Hata hivyo, umbo lenye nguvu namna hii lina pengo, na pengo hilo ni la kurithi. Mwaka 1927, kukumbuka Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walisimamisha katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari, ya shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, singe ya bunduki ikielekezwa upande wa bandari. Maneno ya chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yapo kwa Kiswahili pia. Angalia yanavyopangwa. Wanatajwa askari, kisha wapagazi, wanaofananishwa na miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika na kufa. Halafu nafsi inabadilika ghafla: sauti iliyokuwa ikisema "wao" inamgeukia "wewe", na kumwahidi kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sikioni inapendeza sana. Machoni inajikana, kwa kuwa maandishi hayo hayataji jina la askari hata mmoja, wala la mpagazi. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 90,000. Walichoachiwa ni Kariakoo, neno lililotokana na jina la kikosi chao, na leo ukilisema watu wanawaza soko. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tarumbeta na dakika ya ukimya tumevipata kutoka desturi hiyohiyo ya Waingereza baada ya vita ile. Sivikatai. Ila ukimya ni chombo kitupu, na hujazwa na mwenye cha kujaza. Pale mgahawani, dakika ile ilipofika, kijana alitazama simu yake. Midomo ya mzee ilikuwa ikitikisika.

Umbo linalodai majina tunalo, na kijana yeyote wa pale analijua kwa moyo: wasifu wa marehemu. Msomaji husimama msibani na karatasi yake. Marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua lini, ameacha mjane na watoto wangapi. Mpangilio haubadiliki, na uzuri wake ndio huo, kwa sababu ukiruka kipengele waombolezaji hutazamana. Jina hutangulia, na bila jina hakuna sentensi ya pili. Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba, yanaukaribia wasifu kuliko mnara wowote mwingine tulio nao, maana waliolala pale wana majina yao. Maadhimisho ya 2014 yalifanyika huko, na naamini mwaka ule umbo na maana vilishikana mikono.

Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Si jambo dogo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari aliisoma Vita ya Kagera kwa Kiingereza, akarudi nyumbani kwa babu aliyeipigana kwa Kiswahili, na maneno ya daftari hayakukutana na ya kibarazani. Ningependa kila mwanafunzi aandike wasifu wa mpiganaji mmoja wa kwao. Atakwama kwenye sarufi, na ni vizuri akwame: wasifu tuliouzoea umejaa -li-, lakini aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70, anapalilia, anasubiri pensheni, anakohoa usiku. Hafla humpa mtu huyo shoka, na hapo napenda sana uteuzi, kwani shoka hupigana na pia hufyeka shamba la aliyerudi. Akishaliweka hupiga saluti, kisha hurudi kitini. Kipaza sauti hakimfikii.

Tarumbeta ya pili ilipolia, mzee alimgeukia kijana.

"Bunduki tulizirudisha ghalani, mjukuu wangu. Hazikuwa zetu. Mkuki ni wetu."

"Kumbe babu ulikwenda?"

"Lori letu lilisimama pale." Akaonyesha mbuyu ulio ng'ambo ya barabara. "Tulikuwa ishirini na wawili."

Nje basi lilikuwa likipiga honi. Kijana akaiweka ndoo yake chini, akavuta kiti, akamuuliza wa kwanza aliitwa nani.