Sauti ya Suzanne Vega na Hesabu za MP3

Karlheinz Brandenburg na wenzake mjini Erlangen, Ujerumani, walipokuwa wakiunda MP3, wimbo uliowatoa jasho haukuwa wa bendi kubwa. Ulikuwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, kutoka albamu yake ya 1987: mwanamke anaimba peke yake, bila ala hata moja. Kodeki yao ya awali, yaani programu ya kubana na kufungua sauti, iliitoa sauti hiyo ikiwa na mikwaruzo.

CD huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili: jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kushuka hadi kilobiti 128 ni kubakiza takriban sehemu moja kati ya kumi na moja. MP3 hukata kwa kutegemea udhaifu wa sikio. Sauti kubwa hufunika ndogo iliyo jirani nayo kimasafa, basi kilichofunikwa huandikwa kwa biti chache, na makosa ya ukadiriaji hubaki kama mchakarisho chini ya muziki. Kwa Vega hapakuwa na pa kuuficha. Yeye alisikika katikati, mchakarisho ukatoka kushoto na kulia, na sikio halidanganyiki kirahisi sauti mbili zinapotoka pande tofauti. Wimbo ukageuka kipimo. Ukachezwa tena na tena huku hesabu zikirekebishwa.

Ngoma nazo zina tatizo lake. Kodeki hupima sauti kipande kwa kipande, na kosa husambaa kipande kizima. Pigo la dumbaki likitua ghafla baada ya kimya, mchakarisho hutangulia pigo lenyewe! MP3 hujitetea kwa kutumia vipande vifupi pale inapohisi pigo. AAC, kodeki iliyofuata 1997, huumudu mtego huu vizuri zaidi.

FLAC, kodeki ya 2001, haina habari na sikio. Hutabiri sampuli ijayo kutokana na zilizotangulia, kisha huandika tofauti tu kati ya utabiri na ukweli. Faili mara nyingi hubaki zaidi kidogo ya nusu ya ukubwa wa awali, na likifunguliwa kila biti inarudi mahali pake. Ndani yake huwekwa pia alama ya ukaguzi ya MD5, hivyo programu inaweza kuthibitisha kwamba sauti haijaguswa. Hakuna MP3 inayoweza kukupa uthibitisho huo.

Je, masikio yanaijua tofauti? Kwenye simu ndani ya daladala, AAC ya kilobiti 256 inatosha kabisa, na anayebisha apimwe bila kuambiwa lipi ni lipi. Kuhifadhi ni jambo jingine. MP3 ikibanwa upya kwa MP3, hasara huongezeka kila mzunguko. Ikigeuzwa FLAC, faili linanenepa bure, kwani kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo mwenye studio, au mwenye kanda za taarab za zamani kabatini, ahamishie sauti kwenye FLAC kwanza, na MP3 ya kuwagawia watu itoke humo.