Kiingereza cha haraka si uvivu wa ulimi

Lipo dai ambalo nimelisikia kwa miaka mingi katika kumbi za mihadhara: eti Mwingereza anayetamka "ten boys" kana kwamba ni "tem boys" ni mvivu wa ulimi. Dai hili ni potofu, tena lina madhara.

Hebu tutazame kinachotendeka kinywani. Sauti [n] hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa ufizi, ilhali [b] huhitaji midomo ifungwe. Msemaji wa haraka huifunga midomo mapema, basi [n] hugeuka [m]. Ndio usilimisho huo. Katika "good girl", [d] huelekea kuwa [g]. Katika "last night", [t] hudondoshwa kabisa. A. C. Gimson aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1962, na Kiingereza alichokichunguza ni kile kile tunachokisifu kuwa sanifu!

Kwani Mswahili hafanyi hivyo? Husema "nyumba nzuri" lakini "nyumba mbaya", kiambishi n- kikiwa m- mbele ya [b]. Sijasikia bibi wa Lamu akiitwa mvivu kwa hilo. Tofauti ni kuwa tahajia yetu hukiri mabadiliko, ya Kiingereza huyaficha. Neno letu "kabati" limetokana na "cupboard", na halina [p]. Waliolikopa walifuata sikio, si maandishi.

Sasa madhara. Mwanafunzi hufunzwa neno moja moja, polepole, kama shanga zisizo na uzi. Siku ya mtihani wa kusikiliza, au mahojiano ya kazi kwa simu, anaulizwa "did you" ikisikika "dija", anabaki kuduwaa. Kila neno analijua, ila ataondoka akiamini hajui Kiingereza. Hapo nawalaumu watungaji wa vitabu vya kiada kuliko mwanafunzi: kurasa na kurasa za fonimu, kisha aya moja, tena ya mwishomwisho, kuhusu usemi unaotiririka.

Simwambii mwalimu wa Busia aige lafudhi ya London. Hilo silo tatizo letu. Kinachotakiwa ni sikio. Awachezee wanafunzi rekodi ya mazungumzo ya kawaida, waandike walichosikia, kisha walinganishe na maneno yenyewe. Dakika kumi kwa wiki zinatosha kuanzia.