Ufundi wa Kuita Majina

Miongoni mwa stadi za mwalimu wa elimu ya awali, yaani elimu wanayopewa watoto kabla ya kuingia darasa la kwanza, hakuna inayodharauliwa kama kuita mahudhurio. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni ya kujaza daftari tu, ilhali ndipo mtoto, pengine kwa mara ya kwanza, analisikia jina lake likitamkwa mbele ya watu wasio wa ukoo wake, na wenzake hupima papo hapo, kwa sauti ya mwalimu, iwapo jina hilo ni la kuheshimiwa au la kuchekwa.

Majina yenyewe hubeba habari za kuzaliwa. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni pacha, wa kwanza na wa pili kutoka, na Shija ni mtoto anayezaliwa baada yao. Kwa Wajaluo, Otieno ni mvulana wa usiku na Okoth ni wa mvua. Hata Julius Nyerere, kabla ya kupata jina la ubatizo, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua.

Mtihani wa fundi, hata hivyo, ni majina kama Shida, Tabu na Mashaka, ambayo wazazi huyatoa kwa kukumbuka dhiki waliyoipitia na ambayo watoto huyaangulia kicheko. Mwalimu hodari hakemei kwa hasira, kwani hasira huwathibitishia watoto kwamba jina lina kasoro. Humwita Shida kwa sauti ileile aliyomwitia Neema, husubiri mpaka aitike “abee” au “naam”, kisha huendelea. Wapo watakaosema kwamba kicheko hicho ni utani tu, nao wanaukosea utani heshima, kwa maana utani wa mila, ule mzaha ulioruhusiwa baina ya makabila au jamaa, una pande mbili zenye haki sawa ya kutaniana, ilhali Shida anachekwa na darasa zima bila kuwa na mtani wa kumrudishia.

Jina lisilozoeleka ulimini, kama Ng'wandu, fundi huuliza kwa mzazi mlangoni na kulirudia mpaka likae sawa, na akikosea mbele ya darasa humwomba mtoto amsahihishe. Wanapokuwapo Asha wawili, hawaiti Mnene na Mwembamba, bali huwaita kwa majina ya baba zao na kuwazoesha kuitana wajina, yaani watu wa jina moja, uhusiano ambao Waswahili huuenzi karibu kama udugu. Zoezi la kumtaka kila mtoto aeleze maana ya jina lake, linalopendwa mno, linahitaji hadhari, kwa sababu yuko asiyejua na yuko asiye na wa kumuuliza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 7, humpa mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, ila namna litakavyotamkwa imeachwa mikononi mwa walimu. Vyuo vya ualimu, basi, viwasomeshe wanafunzi wao daftari la majina kwa sauti, mbele ya mkufunzi, kabla hawajakabidhiwa darasa.