Kwera wa Kamburu: aliyekosea ni jike

Mliokuwa ukingoni mwa bwawa la Kamburu, ndani ya Hifadhi ya Mwea, mvua fupi zilipoanza, mliona wenyewe. Sitarudia mkasa wote: maji yalipanda na kiota cha kwera, yule ndege mfumaji, kikazama na mayai. Lawama zimemwangukia dume. Nasema anaonewa. Aliyeuza mechi ni jike.

Dume alikuwa na viota viwili kwenye mgunga ule ulioinamia maji. Cha juu alikifuma mwanzo. Cha chini, kilichoning'inia shubiri chache tu juu ya maji, kilikuwa kibichi kabisa. Ufumaji haukuwa na kasoro: pete kwanza, chumba mbele yake, mlango ukatazama chini, majani ya tawi yakapurwa ili nyoka akose pa kujificha.

Jike akaingia cha juu, akatoka upesi. Kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Akashuka cha chini, akavutavuta nyasi, akakaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nicholas na Elsie Collias, Wamarekani waliowachunguza kwera kwa miaka mingi, walionyesha kwamba jike hupendelea kiota kibichi, na ana sababu: nyasi mbichi haikatiki ovyo. Sawa. Lakini ubichi pekee hautoshi. Kuatamia ni takribani siku 12, kisha makinda hukaa kiotani karibu wiki tatu. Yaani alihitaji mwezi mzima wa maji yaliyotulia, tena katika msimu ambao eneo lote la Mbeere linasubiri mvua, kwenye bwawa linalopokea maji kutoka bwawa la Masinga. Mei 2024 tuliona Masinga ikijaa hadi kumwagika. Na alama ya matope kwenye shina la mgunga ilikuwa juu kuliko kiota! Ilionekana bila darubini. Jike aliipita kila alipoleta manyoya ya kutandika ndani.

Wapo watakaoniambia kwamba tawi lililo juu ya maji ndilo kinga dhidi ya nyoka. Kweli, lakini kiota cha juu nacho kilikuwa juu ya maji yaleyale. Kinga ileile, mita mbili zaidi. Na dume, kama ilivyo desturi yao, alikibomoa mwenyewe kilipokataliwa. Siku mayai yalipozama, hapakuwa na kiota cha pili cha kukimbilia.

Kwenye maji hayohayo, kibisi alifanya vyema: kiota chake cha magugu kilipanda pamoja na maji. Mnandi, kwenye miti yake mikavu, hana cha kujadiliwa.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua ninakoelekea: fundichuma, ndege wa kando ya mto Rojewero, kule Meru. Yule ndiye mjenzi. Dume na jike hujenga pamoja wiki baada ya wiki, maelfu ya vijiti, mpaka lipatikane kuba lenye upana wa zaidi ya mita moja, mlango wa chini umekandikwa tope, na paa lina uwezo wa kumbeba mtu. Hakuna anayejenga kivyake kisha akasubiri kukaguliwa. Kuba hilo ni imara, ndiyo maana bata bukini humpora kiota; uvivu wao nimeulalamikia miaka yote na sijachoka. Fundichuma pia huchagua panda nene ya mti mkubwa, na miti hiyo inazidi kuadimika pale watu wanapong'ang'ania mikaratusi kando ya maji. Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Pita mabonde ya kati ya Embu na Meru leo, uone agizo lile lilisikilizwa kiasi gani.

Kuhusu kwera wetu, mvua ndefu zikikaribia dume atafuma tena, na najua wengi mtakwenda kupiga picha pete na mafundo yake. Mimi nitakuwa namtazama jike anaingia kiota kipi.