Kuisoma Umbria Kabla ya Kufika

Seremala husifiwa kwa mlango, mfinyanzi kwa chungu. Mimi namsifu anayejua kupanga safari ya shamba, fundi ambaye kazi yake haionekani: akiifanya vyema, wageni hudhani siku zilijipanga zenyewe.

Mfano wangu ni Umbria, mkoa wa katikati ya Italia usio na pwani wala mpaka na nchi nyingine. Mashariki yake, juu kabisa milimani, upo uwanda wa Castelluccio, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wakulima wa pale hulima dengu ndogo zenye ngozi nyembamba. Kati ya mwisho wa Mei na mapema Julai mashamba hayo hufunikwa na maua mekundu, ya njano na ya buluu. Maua hayo hayapandwi. Ni magugu yanayoota katikati ya dengu, na siku yao huamuliwa na mvua na baridi ya mwaka ule. Kwa hiyo fundi haapi kwa tarehe moja. Huweka siku kadhaa wazi, akamsikiliza mkulima.

Kulala pia kunataka kuulizia. Tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016 lilikiangusha kwa sehemu kubwa kijiji cha Castelluccio, hivyo lazima ujue mapema utalaza wapi kichwa. Mabondeni kuna agriturismo, nyumba za wageni za shambani, zilizowekewa sheria ya taifa tangu 1985: mwenyeji sharti awe mkulima, na kilimo kibaki kazi yake kuu. Mara nyingi watu huuliza kama kuna bwawa la kuogelea. Swali zuri kuliko hilo ni, "Wiki hiyo mtakuwa mnavuna nini?" Ukiambiwa zeituni, basi ni Oktoba au Novemba, na huenda ukala mkate uliochovywa katika mafuta yaliyokamuliwa siku ileile.

Somo la usafiri nililipata kwa jua kali. Nilisimama kituoni chini ya kijiji kimoja cha kilimani, nina ratiba mkononi, nangoja basi la saa saba mchana. Pembeni ya saa ile palikuwa na neno dogo, scolastico, ambalo sikulijali. Basi lile hutembea siku za shule tu, na ule ulikuwa Julai. Nilipanda kilima kwa miguu, nikafika maduka yamefungwa kwa mapumziko ya mchana. Tangu siku hiyo nasoma maandishi madogo ya ratiba kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

Kwa anayetokea Dar es Salaam au Nairobi kwa pasipoti ya nyumbani, ufundi huu huanza mapema zaidi. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Anayetamani maua ya mwisho wa Juni anaweza kupeleka karatasi zake tangu mwisho wa Desemba.

Basi ndugu msomaji, ikiwa ni Umbria unayoitaka, fungua kalenda usiku wa leo. Andika kwa penseli, na siku tatu za mwisho ziache tupu.